Nta ya Ngoma ya Bibi Mwantumu

Mume wangu Sabiri anaupenda mto kuliko anavyonipenda mimi, na hilo nalisema mbele yake akiwa anakunywa uji. Hakatai. Hucheka tu, akafuta masharubu, akatazama upande wa bondeni. Kutoka hapa kilimani tulipohamia, bonde linaonekana vizuri: mstari mweupe wa mchanga na miti michache iliyosimama upande upande. Huko ndiko alikozaliwa na huko ndiko alikonioa. Siku hizi hakai mtu huko, labda ngedere.

Sisi ni watu wa Sindeni, Wazigua wa kulima na kufuga kidogo. Sabiri alilima mahindi na mpunga kama wenzake, lakini hayo yalikuwa ya tumbo. Moyo wake ulikuwa kwenye nyuki. Baba yake alikuwa mtu wa mizinga, ile ya magogo yaliyochimbwa ndani, na aliitundika kwenye mikuyu mikubwa iliyopanga mstari kando ya mto. Sabiri alipokuja kuposa kwetu alikaa mkekani kutwa nzima bila kusema neno la maana, ila aliacha kibuyu cha asali mlangoni. Mama yangu akasema huyu kijana hana maneno lakini ana asali, basi tumchukue. Wakamchukua, nikaletwa bondeni.

Nyumba yetu ya bondeni ilikuwa karibu na mkuyu mkubwa kuliko yote, kitanda kimeegemea ukuta wa upande huo. Alfajiri, kabla jogoo hajawika, mizinga ilianza kuvuma. Sabiri alikuwa analala chali macho wazi, anasikiliza. Alijua kwa mvumo tu kama nyuki wana njaa, kama wanataka kugawanyika, kama kuna mdudu kaingia. Mimi nilisikia mvumo tu. Lakini niliuzoea, na nakiri kwamba tangu tuhame sijawahi kulala vizuri, ingawa Sabiri mwenyewe anakoroma vya kutosha mizinga miwili.

Siku mto ulipotutoa, kwetu haikunyesha hata tone. Ndilo jambo ambalo watu wa mbali hawaelewi ukiwasimulia. Ilikuwa vuli, Ijumaa, jua kali, na mimi nilikuwa nimeanika mahindi kwenye turubai. Mto wetu ulikuwa mchanga mtupu, maana sehemu kubwa ya mwaka hivyo ndivyo ulivyo. Maji tulikuwa tunachimba kwa mikono mpaka yanachuruzika. Wanaume walikuwa wamepanda msikitini kuswali. Nikasikia mvumo. Nikasema moyoni, nyuki wa huyu bwana leo wanahama wote. Nikainua macho kuwatazama, nikaona mbuzi wanapanda mlima mbio bila kufukuzwa na mtu.

Mvua ilikuwa imenyesha huko juu, sijui wapi, na maji yakashuka kwa pamoja. Yalikuwa mekundu na mazito, yamebeba miti mizima na mizizi yake. Wali ulikuwa jikoni. Nikaichukua ile sufuria ikiwa inachemka, sijui kwa nini, nikaacha nguo, nikaacha redio, nikaacha mahindi yote, nikakimbia na sufuria ya wali. Nilipofika juu na kugeuka, nyumba ilikuwa imeingiwa mpaka madirishani, na ule mkuyu mkubwa ulikuwa unaondoka. Haukuanguka. Uliondoka umesimama, na mizinga inaning'inia, na nyuki wanauzunguka juu.

Sabiri alifika anahema, kanzu ameishika mkononi. Akanikuta nimekaa juu ya jiwe na sufuria yangu mapajani. Akaniuliza, "Mkuyu?"

Hakuniuliza mimi. Aliuliza mkuyu. Nimemwambia mara nyingi kwamba hilo nitakwenda nalo kaburini.

Maji yalipopungua, shamba halikuwepo. Si kwamba mpunga uliharibika, la. Mahali penyewe palikuwa pamefunikwa na mchanga unaofika magotini, na katikati pametulia mawe ambayo hatukuwahi kuyaona. Yale mahindi ya kula mpaka mavuno yajayo yote yalikuwa yamekwenda. Viongozi wa kijiji wakatugawia viwanja huku kilimani, na kwa kweli walifanya vyema, maana hatujalala tena tukiwaza maji. Lakini kilima hiki ni kokoto. Mahindi yanatoka mafupi, yanabeba vibunzi vya punje chache. Wenzetu wengine wakaingia kwenye mkaa. Wengine wakashuka Korogwe kukata mkonge. Mtoto wetu wa mwisho, Zaidi, aliyekuwa amebaki kumsaidia baba yake mpunga, akaenda Dar es Salaam kuendesha bodaboda. Akipiga simu anauliza, "Mama, mto unaendeleaje?" Namwambia haujambo, tunaoumwa ni sisi.

Sabiri akachonga mizinga mipya. Akaitundika kwenye miti ya hapa, ambayo ni miembamba na ya miiba. Mizinga ikakaa mitupu. Ukichungulia unakuta mjusi, au mchwa, siku moja tulikuta nyoka amejikunja humo kwa raha zake. Sabiri akasema nyuki wanataka maji. Basi nikawa nachota maji kisimani, safari ndefu, ndoo kichwani, nusu ya kupika na nusu ya kumiminwa kwenye sinia kwa ajili ya wadudu ambao hawapo. Majirani walinicheka. Mimi pia nilicheka, kwa hasira.

Akasema tena, wanataka nta. Mzinga mpya lazima upakwe nta ndani, nyuki wanaopita wasikie harufu waone hapa palikuwa na watu. Akapanda baiskeli mpaka Korogwe akaleta nta ya sokoni. Akaipaka. Nyuki hawakuja. Akainusa tena akasema imechanganywa na mshumaa, haina kwao.

Hapo ndipo kaka yangu Hiza alipoingia. Hiza anaishi Korogwe, ni mlinzi kwenye shamba la mkonge, na alikuwa amemtafutia shemeji yake nafasi ya ulinzi hapo hapo, pamoja na chumba. Kazi ya kukaa getini. Hiza ni mtu mwema, na alichokisema ni kweli: hapa tulikuwa tunakula mlo mmoja. Nilipaswa kufurahi. Lakini mimi namjua Sabiri. Ukimweka huyu mtu mbele ya geti na filimbi shingoni, katikati ya mistari ya mkonge isiyokwisha, atapokea mshahara, atakula, na atakufa huku anapumua. Nilikuwa nimemwona babu yangu hivyo hivyo alipochukuliwa mjini kwa mwanawe. Sikutaka kumwona mume wangu hivyo.

Sabiri akamwambia Hiza, "Ngoja Idi ipite. Nyuki wasiporudi kwangu mpaka Idi, tutakuja."

Basi siku moja anakula, akaacha tonge hewani. Akasema, "Nta ya baba ipo."

"Ipo wapi? Kila kitu kilikwenda."

"Ipo Misima. Kwenye ngoma ya Bibi Mwantumu."

Nikamtazama kuona kama amepatwa na homa. Bibi Mwantumu ni kungwi. Karibu wanawake wote wa huku wa rika langu ni yeye aliyetucheza tulipokuwa wali, wasichana tuliovunja ungo, na ngoma yake ni ile ndefu, gogo lililo wazi chini, ngozi juu, na katikati ya ngozi imebandikwa nta. Bila ile nta ngoma inalia debe. Ikiwa na nta inatoka sauti nzito, unaisikia tumboni kabla hujaisikia masikioni. Na ni kweli, baba yake Sabiri ndiye aliyekuwa anapeleka nta hiyo, anaiacha mlangoni na kuondoka, kwa sababu ngoma ile mwanamume haigusi wala haitazami. Akiitazama, ngoma imekwisha.

"Kwa hiyo unataka nini?" nikamuuliza, ingawa nilishajua.

"Mimi siwezi kwenda," akasema kwa upole. Akirudi kwenye upole namna ile, mimi nimeshakwisha.

Nikaenda Misima. Bibi Mwantumu anakaa pembeni mwa lambo, kwenye michungwa, nyumba imezungushiwa ua wa minyaa. Nikapiga magoti. "Shikamoo bibi."

"Marahaba. Umekonda. Mumeo bado anaulilia mto?"

Nikamweleza. Alisikiliza huku anachambua mchicha. Nilipomaliza akacheka mpaka akakohoa.

"Yaani niikate ulimi ngoma yangu, ili mumeo awaite nzi?"

"Nyuki, bibi."

"Wanaruka, wanauma. Sasa wali wakija nitawacheza na nini?"

Nilianza kueleza tena, na katikati ya maneno nikaanza kulia, jambo ambalo sikulipanga. Nikamwambia bibi, mimi sililii asali. Huyu mtu ataondoka. Atakuwepo kitandani lakini ataondoka, na mimi nitabaki na nani?

Akaniacha nilie. Halafu akainuka kwa taabu, akaingia jikoni, akaishusha ngoma kutoka darini ilikokuwa inakula moshi. Akaibandua nta kwa ukucha, yote. Ilikuwa nyeusi, ngumu, inatoshea kiganjani.

"Irudi," akasema. "Na isirudi ya dukani. Irudi ya nyuki wake mwenyewe, kama alivyokuwa analeta baba yake."

"Inshallah, bibi."

"Na hili gogo nisaidie kulipeleka banda la nyuma. Ngoma bubu haikai na moto wangu."

Tukalibeba, tukalilaza bandani kati ya majembe na magunia, upande wa michungwa. Ilikuwa imeanza kutoa maua. Ngozi, niliigonga kidogo kwa kidole nikipita. Ikalia debe. Niliona haya mbele yake.

Sabiri aliipokea ile nta kwa mikono miwili. Aliinusa muda mrefu, macho kayafumba. Kisha akaipasha moto, akaipaka ndani ya mizinga yote, kila mmoja kidogo kidogo mpaka ikaisha. Tukangoja. Michungwa ya watu ikachanua, harufu yake ikawa inapanda na upepo mpaka kilimani kwetu. Sabiri alikaa chini ya mzinga huu, akahamia chini ya mzinga ule. Ramadhani ikaingia. Nilianza kufunga vitu vyetu kwenye mfuko wa salfeti bila kumwambia, naye aliuona mfuko bila kuniuliza.

Simu ikaja kutoka Misima. Bibi Mwantumu hapendi simu, anapiga kelele ndani yake. "Njoo na mumeo mwondoe wadudu wake! Siwezi kufika kwenye jembe langu!"

Tulikwenda kwa baiskeli, mimi nyuma. Tulipofika kwenye ua wa minyaa Sabiri akasimama ghafla nusura niteleze. Akainua mkono ninyamaze. Kutoka bandani, ng'ambo ya ua, ulikuwa unakuja ule mvumo.

Walikuwa wameingia kwenye ngoma. Gogo lenye uwazi, limelala kivulini, lina harufu ya nta ya miaka yote, maji ya lambo hapa, maua ya michungwa pale. Nani angeruka mpaka kwenye kilima cha kokoto? Sisi tulikuwa tumeichukua nta na kuiacha nyumba.

Na Sabiri hakuweza kuingia. Ilikuwa ngoma ya wali. Alibaki nje ya ua, ameshika baiskeli, anasikiliza nyuki wake ndani ya kitu ambacho hata kukitazama hakuruhusiwa. Nilimwonea huruma mpaka nikataka kumpiga.

"Hawakuja kwangu," akasema. "Wamekwenda kwa bibi."

Bibi Mwantumu alitaka kuwafukuza kwa moshi wa pilipili. Nikamwomba. Tukajadiliana kwa kelele, yeye bandani, mimi mlangoni, Sabiri nje ya ua akijitia hasikii. Mwisho bibi akasema nyuki wakae, lakini kazi yote nitaifanya mimi, na ngoma nitaifunika kanga. Nikatoa ile niliyokuwa nimejifunga. Na hivyo ndivyo mimi, niliyekuwa nachukia hata kuchota maji yao, nilivyogeuka kuwa mtu wa nyuki.

Kila baada ya siku kadhaa tulikwenda. Sabiri anasimama nje ya ua, mgongo kautupa kwetu, ananielekeza kwa sauti.

"Mama Zaidi, moshi upulize polepole."

"Napuliza!"

"Unapuliza kama unawasha jiko. Nasikia hapa, wamekasirika."

"Njoo upulize wewe!"

Niliumwa kwenye kope, nikaumwa mdomoni, majirani wakaniuliza kama mume wangu ameanza kunipiga. Lakini kidogo kidogo nilianza kusikia. Wakitulia nilijua. Wakiwa na shughuli nilijua. Siku moja nilimwambia Sabiri, kabla hajasema, kwamba leo wameleta maji mengi. Akageuza shingo akanitazama kwa namna ambayo hakuwa amenitazama tangu kile kibuyu cha mlangoni kwetu.

Hiza akapiga simu. Idi ilikuwa imefika, na nafasi ile kuna mtu mwingine anaitaka. Sabiri akamjibu mbele yangu, "Nipe mpaka nionje. Nikionja nitajua kama ni wetu. Kama si wetu, nakuja."

Sikupenda jibu hilo. Nyuki hawana vitambulisho. Lakini nilimjua, mzaha haukuwemo.

Tulikata asali siku ya tatu baada ya Idi, jua linaelekea kuzama. Nilipenyeza mkono kwenye uwazi wa chini wa ngoma, moshi machoni, bibi amejifunga ushungi mpaka puani, ananishikia beseni. Nikatoa sega moja, jeupe, limejaa. Nikalipeleka nje ya ua.

Sabiri akalimega. Akaweka mdomoni. Mimi nilimtazama koo.

Alitafuna taratibu. Macho yake yalikuwa upande wa Sindeni, ingawa kutoka pale bonde halionekani.

"Si yenyewe," akasema. "Hii ni ya michungwa."

Ya mtoni ilikuwa nyeusi, chungu kidogo mwishoni, na mimi pia niliikumbuka wakati ule, nikaitamani hivi kwamba mate yalinijaa. Hakuna mahali popote duniani tutakapoipata tena. Sabiri hakuitema. Aliendelea kutafuna mpaka asali ikaisha na mdomoni ikabaki nta tupu. Akaitoa, akaichanganya na nta ya sega lililobaki, akaifinyanga kwa vidole mpaka ikawa bonge la kutosha kiganjani.

"Mpelekee bibi," akasema. "Nta yake. Ahadi ni ahadi."

Simu ikalia mfukoni mwake. Akaitoa; lilikuwa jina la Hiza. Aliiacha ilie.

Nikaingia nayo bandani. Bibi Mwantumu akaipokea, akainusa, akaiuma pembeni kwa jino lake moja. Nikamwambia bibi, sasa utaibandika wapi, ngoma ina wenyewe. Alifunua kanga upande wa ngozi, taratibu, akaipasha nta kwa pumzi na kiganja, akaibandika katikati pale pale ilipokuwa ya zamani. Akailainisha kwa kidole gumba. Halafu, labda kwa mazoea tu, akaigonga. Mara moja, kwa ncha za vidole.

Sauti ikatoka nzito, ikapita ndani ya gogo, na nyuki wote humo wakaitikia. Sijui niseme vipi. Ilikuwa ile ngoma iliyonicheza mimi, na ilikuwa alfajiri ya bondeni, kitanda kimeegemea ukuta, vyote kwa pamoja, na vikadumu kitambo kabla ya kushuka. Bibi mwenyewe alibaki ameinua mkono.

Simu ilikuwa imeacha kulia. Nikachungulia kati ya minyaa. Mume wangu alikuwa amekaa chini mavumbini, baiskeli imeanguka pembeni, amejifunika uso kwa mikono yake yenye asali, na mabega yanamtikisika.

Simu ikalia tena. Safari hii akapokea. "Hiza," akasema, na sauti yake ilikuwa imelowa, "huyo mtu mwingine mpe. Mimi nipo nyumbani." Akakata. Kisha akaita kwa sauti, bila kugeuza kichwa, "Mwambie bibi agonge tena."

"Mwambie mumeo," akasema Bibi Mwantumu, "ngoma hii si ya wanaume."

Na akaigonga tena.